Nyasi Bado Zinakula

Nilifika Mbinga nimekalia mbolea. Nilitoka Nzega na begi moja na cheti cha kidato cha nne, nikabadilisha mabasi Singida, Dodoma na Iringa, na nilipofika Makambako nauli ilikuwa imekwisha. Dereva wa lori la mbolea alinihurumia. Akaniambia nipande juu ya mzigo, nishike turubai lisipeperuke, atanifikisha mwisho wa safari yake. Sikumuuliza ni wapi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kila mahali nilipokuwa nimeishi palikuwa pamenichosha.

Njombe baridi ilinigonganisha meno. Kwenye milima ya Lukumburu lori lilipanda polepole kiasi kwamba nilishuka, nikatembea kando yake, nikatangulia na kulisubiri kwenye kona. Baada ya Songea barabara ilikuwa ya udongo, si hii lami mnayoteleza nayo leo, na mvua ya Februari ilitukuta huko. Mifuko miwili iliyochanika ikaanza kuyeyuka chini yangu. Maji yake yakapenya suruali, na tulipoingia Mbinga mjini nilikuwa nawashwa mapaja kama mtu aliyekalia upupu.

Mzigo ulikuwa wa mradi mmoja wa kilimo, ambao sitautaja jina. Aliyeupokea alikuwa mtaalamu mrefu, mwenye kofia ya kaki na kamba ya katani iliyoviringwa begani. Alinikuta najikuna, akahesabu mifuko, akaona imetimia, akasema mtu anayeweza kukaa juu ya mbolea siku mbili bila kuiba anafaa kuajiriwa. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Kwa ajili ya ile kamba, watu wa Matiri walimwita Bwana Kamba, nami nitamwita hivyohivyo.

Sasa nisikilizeni ninyi vijana, hasa wale watatu mliokuja kwenye banda langu la baiskeli hapa Ifakara mwezi uliopita. Mlikuwa na simu inayosoma udongo. Mlichomeka waya wake ardhini, ikatoa rangi, mkaniambia, "Mzee, mambo ya kuchimbua mizizi yameshapitwa." Nina miaka arobaini na sita. Uzee mmenipa ninyi, na nimeupokea. Lakini hilo la mizizi sikubali. Kazi ya mbolea na udongo nimeifanya Rukwa, Kilombero, Kigoma na kwingineko, mpaka mgongo ulipokataa. Yote niliyoyafanya huko nilijifunza kwa msimu mmoja wa maharage Matiri, kutoka kwa mwanamke ambaye hakuwahi kushika simu ya kupima chochote.

Somo la kwanza lilikuwa lile la mapajani. Mmea haumezi udongo, wala hautafuni chembe za mbolea. Chakula chake lazima kiyeyuke kwenye maji ya udongo kwanza, ndipo mzizi ukinywe. Mbolea kavu ardhini ni mchanga tu wenye bei. Mapaja yangu yaliyajua hayo kabla ya kichwa.

Somo la pili lilimgharimu mtu mwingine, na ndilo ninaloandikia haya yote.

Bwana Kamba alinipeleka Matiri kutunza shamba la mfano. Lilikuwa kwenye mteremko mkali juu ya kijito, mali ya mjane aliyeitwa Mama Skola, kwa jina la binti yake wa kwanza, Skolastika. Mradi ulikubaliana naye hivi: nusu ya mteremko alime yeye kwa desturi yake, nusu nyingine tulime sisi kwa matuta yaliyonyooka, tupande maharage pande zote mbili, tuone. Bwana Kamba akaniambia nitangulie nikasafishe.

Nilifika asubuhi, mwenyewe hayupo. Upande wake wa mteremko nikakuta nyasi zilizofyekwa na kukauka, zimelazwa ardhini kwa mistari, mingine ya kushuka na mingine ya kukatiza, mpaka mlima mzima ukawa na miraba kama dirisha la nondo. Kwetu Unyamwezini nyasi kavu shambani maana yake ni moja. Nikatoa kiberiti.

Ziliwaka vizuri. Nilikuwa nimesimama na kijiti nikichokoa zilizobaki, nimeridhika kabisa, Mama Skola alipotokea chini na jembe begani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye mikono mipana. Nikasema, "Shikamoo mama, nimekusaidia kusafisha." Hakuitika. Alitembea juu ya majivu mpaka pale nilipokuwa, akanyoosha kiganja.

"Lete hicho kiberiti."

Nikampa. Akakifunga kwenye pindo la khanga yake, akakaa chini, akatazama mlima wake mweusi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa analia.

Hapa mnielewe vizuri, maana wengi wenu mmepita Mbinga kwa gari mkaona yale mashimo mkadhani ni mapambo. Yanaitwa ngoro. Wamatengo hulaza nyasi kwa miraba, kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya nyasi. Katikati pakabaki shimo, pembeni kuta nne zenye nyasi ndani yake. Mbegu hupandwa juu ya kuta. Mvua ikija, maji hukaa shimoni badala ya kukimbia na udongo, na nyasi huoza taratibu ndani ya ukuta, chini ya mizizi. Kufyeka na kulaza nyasi ni kazi ya wanaume, kuchimba ni ya wanawake. Mama Skola hakuwa na mwanaume. Shemeji zake walimfyekea mara moja kwa mwaka, kwa siku walizozitoa kwenye mashamba yao, na mwaka ule walikuwa wameshamaliza. Asingeweza kuwarudia kuwaambia kwamba Mnyamwezi wa mradi amechoma.

Nilimwambia nitafyeka mimi. Akaniuliza kama najua kushika fyekeo au najua kiberiti tu.

Nilifyeka wiki mbili. Nyasi laini zilikuwa zimekwisha, zikabaki ndefu na ngumu za kuezekea huko juu kabisa mlimani. Nikazibeba kichwani, nikazilaza, naye akanifuata nyuma akichimba na kunirekebisha. Mstari ukipinda alisimama palepale mpaka nirudi kuunyoosha. Majirani walipita kutazama. Mmoja akamuuliza kama ameolewa. Akajibu, "Huyu? Huyu nimemkuta kwenye majivu."

Siku za kupumzika niliamua kujipendekeza. Alikuwa na mibuni nyuma ya nyumba, nami nilikuwa na mbolea. Nikachukua kopo, nikazunguka mti kwa mti, nikimwaga rundo zuri kwenye shina. Akatoka jikoni, akanitazama mpaka nilipofika mti wa sita.

"Wewe Mnyamwezi, kwenu watu wanakula kwa kiuno?"

Sikuelewa. Akanishika mkono, akaniinamisha chini ya mbuni, akafukua kwa vidole pale shinani. Palikuwa na mizizi minene kama kidole gumba, yenye magome. Akaniuliza midomo iko wapi. Kisha akanisogeza nje, mpaka pale matone ya mvua yanapoangukia kutoka ncha za matawi, akafukua tena, kina cha kiganja tu. Hapo palijaa mizizi myembamba kama nywele, myeupe, iliyoshika udongo kiasi kwamba ukiutikisa haudondoki. "Inakula hapa," akasema. "Huko ulikomwaga ni kiuno."

Mengine niliyajazia baadaye kutoka vitabu vya mradi, na hayakumpinga hata kidogo. Mzizi mnene ni bomba na nguzo. Anayekula ni mzizi mchanga, karibu na ncha, kwa vinyweleo vidogo ambavyo jicho linaviona kwa shida. Kuna chakula kinachotembea na maji, kama naitrojeni: mmea ukinywa, kinakuja chenyewe, na mvua ikizidi kinaondoka chenyewe. Fosforasi haitembei. Inakaa ilipo, na mzizi ndio lazima uifuate. Kwenye udongo mwekundu wa Mbinga, wenye uchachu, udongo wenyewe unaing'ang'ania. Kwa hiyo anayemwaga mbolea mbali na vinyweleo hajalisha mmea. Amelisha ardhi, na ardhi ina tamaa.

Simu yenu iliwaambia fosforasi ipo. Sawa. Iliwaambia kama mzizi umeifikia?

Tukapanda. Upande wetu Bwana Kamba alivuta kamba yake, matuta yakanyooka hata mimi nikavutiwa, mbolea ya kupandia ikawekwa karibu na kila mbegu. Upande wa Mama Skola mbolea ilikuwa kidogo, kwa sababu aliikataa nyingine. Maharage yakaota. Baada ya wiki chache upande wetu ulikuwa kijani cha kung'aa. Upande wake ukageuka manjano.

Nilijua ni mimi, ingawa sikujua ni kwa vipi. Yeye alijua, na alisema mara moja tu, kama anayeeleza hali ya mgonjwa. "Hizo nyasi ulizoleta ni ngumu, tena zimechelewa. Nyasi nazo zinakula kabla hazijaliwa. Sasa zinakula na maharage yangu sahani moja." Nilipomuuliza zitakula mpaka lini, akasema zikishiba zitarudisha.

Nataka mlishike hilo, kwa sababu nimekuta wasomi wasiolijua. Nyasi ngumu ikianza kuoza, vijidudu vinavyoiozesha vinahitaji naitrojeni, na vinainyakua kwenye udongo kabla ya mzizi. Mmea unapauka. Vikimaliza kazi na kufa, vinaachia vyote, na mzizi unakuta karamu. Ni suala la kusubiri.

Bwana Kamba hakuwa mtu wa kusubiri. Wageni wa mradi walikuja Aprili, katikati ya manjano yale. Wakapiga picha. Nilimwomba nichimbue mmea mmoja kila upande, niwaonyeshe mizizi. Akanivuta kando, akaniambia wageni wanaangalia majani, mizizi nikaangalie kwa muda wangu. Walipoondoka akatutangazia kitakachofuata. Taarifa itasema ngoro zimeshindwa. Msimu ujao mbegu na mbolea ya mradi zitakwenda kwa watakaokubali kusawazisha mashimo yao, na mteremko wa Mama Skola, kwa kuwa ndio wa mfano, utasawazishwa wa kwanza.

Mama Skola alimuuliza maji yatakwenda wapi.

"Yatafuata tuta, mama."

"Maji hayajasoma," akasema, akaendelea kupalilia.

Mimi nilipelekwa ziwani. Bwana Kamba alisema ni kazi, ila nadhani alitaka niwe mbali. Niliteremka mpaka upande wa Liuli, kwa familia moja ya Kianglikana iliyoishi kwa samaki na mihogo, nikapewa mifuko miwili ya mbolea ya kukuzia niigawe kwenye mihogo ya ufukweni. Mwenye nyumba, Mzee Yohana, alinionyesha shamba lake. Mchanga mtupu, mweupe, wa kucheza nao. Nikaweka mbolea kwa kipimo, mahali sahihi safari hii, palepale penye vinyweleo. Nikajisifu. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo.

Wiki ya tatu mihogo ilikuwa vilevile. Mzee Yohana alisimama nami, akatazama mihogo, akatazama maji.

"Umelisha ziwa, mwanangu. Pengine mwaka huu usipa watanenepa."

Alikuwa mpole, na alicheka hadi akashika magoti. Kisha akanionyesha mashina machache nyuma ya jiko, yaliyokuwa na majani meusi kwa afya. Mke wake alikuwa akifukia pale maganda, majani makavu na vichwa vya hao usipa, samaki wadogo wa kwao. Nikafukua. Mchanga pale ulikuwa na rangi ya kahawa, umeshikana, na mizizi ilikuwa imejisuka ndani yake.

Nilikaa chini pale kwenye mchanga na akili ikanifunguka. Mchanga hauna mkono wa kushika kitu. Kilichooza ndicho mkono. Kinakamata chakula maji yanapopita, kinakishikilia mpaka mzizi ufike. Zile nyasi za Matiri si uchafu wala si mbolea peke yake. Ni ghala lililojengwa chini ya mizizi kabla mbegu haijapandwa. Nami nilikuwa nimelichoma moto, nikajenga jingine bovu, na sasa mwenye ghala alikuwa anahukumiwa kwa ubovu wangu.

Mwishoni mwa Mei nikapanda tena milimani bila kuitwa.

Mvua za Aprili zilikuwa zimefanya kazi. Upande wetu tuta moja la juu lilikuwa limepasuka katikati, maji yakamwagikia la pili, la pili likamwagikia la tatu, mpaka kijitoni. Maharage yaliyobaki yalisimama na mizizi imening'inia hewani. Upande wa Mama Skola maji yalikuwa yamekaa shimoni na kuzama. Maharage yake yalikuwa ya kijani kizito, yamebeba maganda mpaka yanainama.

Nikachimbua mmea mmoja kila upande, nikaiosha kwenye ndoo. Wa kwetu ulikuwa na kishungi kifupi cha mizizi, kimejikusanya pale tulipoweka mbolea, kama mtoto anayelishwa mdomoni ambaye hakujifunza kutembea. Vile vinundu ambavyo maharage hutumia kujitengenezea naitrojeni vilikuwa viwili vitatu. Wa kwake ulikuwa na mizizi mirefu iliyopenya nyasi zilizooza, imezungukwa na nyuzi nyeupe za ukungu zinazousaidia mzizi kufika usikofika wenyewe. Vinundu vilijaa. Nilikipasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa chekundu cha kupauka, rangi ya kinundu kinachofanya kazi. Mkitaka kujua kama maharage yanajilisha, pasueni kinundu. Hakihitaji chaji.

Bwana Kamba alikuja siku mbili baadaye na fomu. Picha za Aprili zilikuwa zimeshabandikwa. Ilibaki sahihi ya mtunza shamba na sahihi ya mkulima. Tuliketi mbele ya nyumba ya Mama Skola, ndoo yenye mizizi ikiwa katikati yetu. Sikumwona kama mtu mbaya. Aliipenda mistari iliyonyooka kwa moyo wote, na alikuwa ameshawaahidi wakubwa zake.

Kwenye fomu palikuwa na nafasi: sababu ya mimea kupauka upande wa ngoro. Nikachukua kalamu. Nikaandika kwamba mtunza shamba alichoma nyasi za mkulima kwa ujinga, akaleta nyingine ngumu na kwa kuchelewa. Chini ya zile picha za Aprili nikaandika: Nyasi bado zinakula. Subirini.

Akasoma. Akasoma tena.

"Hii unaifuta," akasema.

"Siifuti."

"Unajua unaandika kwamba wewe ndiye uliyeharibu jaribio? Kazi hii huna."

"Najua. Ila ukiandika zimeshindwa ngoro, utakuwa umeandika uongo, na sahihi yangu haimo."

Akamgeukia Mama Skola, akamsogezea fomu kwa heshima zote, akamweleza kuhusu mbegu, na mbolea, na kwamba majirani wawili wameshakubali. Mama Skola alikuwa anamenya viazi. Hakuacha.

"Nitaweka sahihi yangu chini ya yake," akasema. "Yeye ameandika alichokichoma. Wewe andika kilichosombwa na maji, halafu mje wote wawili."

Bwana Kamba alitazama upande wetu wa mteremko. Kisha akaikunja fomu, akaviringa kamba yake begani, akaondoka. Taarifa ile haikutoka, kwa sababu haikuwa na sahihi. Mradi ulihamia kata nyingine. Mama Skola hakupata mbegu wala mfuko mmoja wa mbolea, lakini mashimo yake hayakuguswa na mtu. Mimi niliambiwa nirudishe buti.

Watu wameniuliza mara nyingi kama sikujuta. Nimehama kazi nyingi tangu hapo, nyingine kwa uvivu, nyingine kwa hamu ya kuona ng'ambo ya mlima. Ile peke yake niliiacha nikiwa nimesimama. Siku mkiletewa karatasi iliyojazwa kabla hamjachimba, kumbukeni kwamba hakuna anayeweza kuwalazimisha mikono yenu iandike. Watawafukuza. Basi wawafukuze.

Nilikaa mpaka maharage yakakauka, na siku niliyoondoka ilikuwa ya kuvuna. Nilipita shambani na begi langu, lori la kahawa likinisubiri barabarani. Mama Skola alikuwa anang'oa maharage, anapukuchua, na mabua anayarusha katikati ya ngoro yaoze kwa ajili ya mahindi yatakayofuata. Nilimwambia shikamoo. Safari hii aliitikia. Akanipa kumbatio la mabua, akaonyesha shimo kwa kidevu, nami nikayatupa humo. Tulifanya hivyo mpaka dereva alipopiga honi mara ya tatu.

Ndipo akafungua pindo la khanga, akatoa kiberiti changu.

"Chukua. Njiti nyingi nimepikia."

Nikakitikisa. Zilikuwa zimebaki mbili.

"Sasa unaweza kutembea nacho," akasema, akainama, akaendelea kung'oa.